Kulabu za Tela la Mjomba

Wiki iliyopita wanunuzi wa vyuma chakavu waliingia uani kwa marehemu mjomba wangu, pale Mikindani, wakalikata tela lake vipande vipande. Nilibeba kigoda changu nikaenda kukaa nitazame. Watu wakadhani nimekwenda kuliaga. Thubutu! Nilikwenda kuhakikisha halibaki. Moto ulipoanza kuula ubavu wa kushoto ikatoka harufu ya chuma cha moto na ya mbao zilizokunywa mafuta ya maganda ya korosho, na harufu hiyo ikanirudisha, na ukongwe wangu huu na magoti yangu mabovu, kwenye umri wa kutumwa dukani na kusahau nilichotumwa. Kijana mmoja akaniona ninanong'ona, akaniuliza kama ninamwombea marehemu. Nikamwambia ndiyo, ninamwomba Mungu amlipe haki yake, yote, isipungue hata chembe. Akaitikia "Amina" kwa moyo mweupe. Maskini, hakujua ameitikia nini.

Ninyi wa rika langu hamna haja ya kuelezwa, lakini wajukuu wa siku hizi wanamwona mjomba ni mgeni wa sikukuu tu, kwa hiyo acha niseme. Kwetu wakati ule mtoto alikuwa wa mama, na mama alikuwa chini ya kaka yake. Mwanamume akioa alihamia ukweni. Alijenga kwenye ua wa mama mkwe, akala hapo, akazaa hapo, lakini neno la mwisho lilikuwa la shemeji yake. Na adabu ya ukweni ilikuwa kitu kizito, si mchezo. Mkwe hapandishi sauti. Hambishii shemeji yake mbele ya mama mkwe, hata kama shemeji amesema bahari imekauka. Baba yangu alikuwa Mmakua kutoka ng'ambo ya Ruvuma, alivuka peke yake na sanduku la vifaa, na hakuwa na ndugu hata mmoja upande huu wa kukaa ubavuni pake siku akiitwa barazani.

Alikuwa fundi wa chuma. Mimi nilipewa jina la mama yake, ndiyo maana aliniita "mama", nami nikajiona nina haki ya kumgombeza. Nilimwambia avae shati, nilimwambia asile akiwa na masizi mikononi, naye akaitika, "Ndiyo, mama, nimekosa." Alifanya kazi chini ya kibanda cha makuti nyuma ya nyumba. Alikuwa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, ukiibinya inakoroma kama mzee aliyelala chali, na moto ukikolea alichomeka kipande cha nondo mpaka kikawa chekundu, akakikunja kwenye fuawe kwa mapigo machache, akakitumbukiza majini, chwaaa! Mvuke ule ulikuwa na harufu yake. Nikiwa na mafua nilikwenda kusimama pale makusudi, niliamini ni dawa.

Basi Mjomba akanunua tela. Alilipata kwenye shamba la mkonge likiwa limechoka, akalivuta kwa lori lake mpaka nyumbani huku anapiga honi njia nzima kama aliyeleta bibi harusi. Tela lenyewe halikuwa na mahali hata pamoja pa kufungia kamba. Msimu wa korosho ulikuwa umeshaanza, magunia yanamsubiri Newala, na malori ya wenzake yalikuwa yanapanda na kushuka. Akamwita Baba. Akataka kulabu, pande zote mbili, na akazitaka upesi.

Kutengeneza hakukuwa tabu. Baba alizikunja zote kwa siku moja, midomo yake ikitazama chini ili kamba isichomoke gari likirukaruka. Tabu ilikuja wakati wa kuzifunga. Alilizunguka tela akiligonga kwa nyundo, anagonga ubao, anagonga chuma, huku kichwa kimeinama upande anasikiliza. Halafu akasema polepole, "Shemeji, hizi tuzifunge kwenye chasisi. Chuma kishike chuma."

"Nani atoboe chasisi yangu?" Mjomba akauliza. "Chuma ukikitoboa umeshakivunja nguvu. Weka kwenye ubao."

"Ubao umeliwa na mchwa, shemeji."

"Umeliwa na mchwa, au wewe kazi imekushinda?"

Baba akatupa jicho barazani. Bibi yangu, mama mkwe wake, alikuwa amekaa na ungo anapeta mchele. Ungo ukasimama.  Baba aliinamisha kichwa akasema, "Haya, shemeji. Kwenye ubao."

Kazi yangu ilikuwa chini ya tela. Nililala chali kwenye gunia, nikashika nati kwa spana, na Baba akawa juu anakaza bolti. Keekee yake ilipotoboa ubao haikulia hata kidogo, ilizama tu, na vumbi likanimwagikia machoni, laini kama unga wa muhogo. Nikapiga chafya nikasema, "Baba, ubao huu si umekufa?" Akaniambia, "Shika nati, mama." Alikata mabati ya debe akayaweka chini ya kila nati ili yasaidie kuushika ule ubao, na kwa kila kulabu aliyoifunga alikuwa anaivuta kwa mikono miwili, mguu kaukanyagia kwenye gurudumu, kisha anatikisa kichwa. Mjomba alisimama pembeni anakuna tumbo. Alisema, "Unaona? Imeshika!"

Ilishika safari za mwanzo. Halafu siku moja kwenye mteremko wa kushuka kutoka Newala magunia yakaegemea upande mmoja, ubao wa kushoto ukang'oka na kulabu zake, kamba ikalegea, na Chilumba, utingo wa Mjomba, aliyekuwa amekaa juu ya mzigo, akaanguka na magunia yakamfuata. Aliletwa hospitali ya Mtwara. Madaktari wakamkata mguu chini ya goti. Alikuwa kijana mwenye kucheza ngoma mpaka watu wanasahau njaa, huyo Chilumba.

Mjomba hakwenda hospitali kwanza. Alikuja nyumbani. Akakusanya wazee wa ukoo barazani, Bibi akiwa amekaa kwenye mkeka wake, akamweka Baba katikati. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, jicho langu kwenye ufa.

"Kulabu zako zimenitia aibu!" Mjomba akafoka. "Umelipua kazi, mzigo wangu umemwagika porini, kijana wa watu amekuwa kilema. Una neno?"

Nikamsubiri Baba aseme. Nilikuwa ninayajua maneno yenyewe, nilikuwa nimeyatayarisha mdomoni mwangu: chasisi, mchwa, chuma kishike chuma. Nikayasukuma kwa moyo wangu wote yaende kwenye mdomo wake. Baba alikuwa ameangalia mkeka.

"Sina neno, shemeji," akasema. Hapo mkono wa Mama ukanivuta, nikapelekwa kulala.

Kulipopambazuka hakuwepo. Sanduku la vifaa halikuwepo, mivukuto haikuwepo. Mama alikuwa amekaa jikoni anautazama moto bila kuupikia kitu. Nikamuuliza Baba yuko wapi, akanijibu, "Amekwenda kutafuta chuma."

Nami nikaamini! Akili ya mtoto, jamani. Nikajiambia Baba ameona aibu ya zile kulabu, amekwenda kutafuta chuma kizuri zaidi, pengine mpaka Lindi, pengine kwao ng'ambo, na akirudi atalifunga tela upya mpaka Mjomba amwombe radhi. Nikawatangazia wenzangu chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Kila asubuhi nilifagia kibanda, nikaokota makaa makubwa nikayaweka kando ili akija asianze na tabu. Mama alikuwa hatoki nje, haendi harusini, hajipaki wanja, nikaona ndivyo mke anavyomsubiri mume aliye safarini. Kumbe mwenzangu amekaa eda. Watu wazima wote wa mtaa walijua, na hakuna aliyenifungua macho. Walikuwa wananitazama ninavyofagia, wananipa kashata.

Aliyenifungua macho ni Chilumba. Alikuwa ametoka hospitali, anakaa chumba cha uani kwa Mjomba, anakula chakula cha Mjomba. Bibi alinituma nimpelekee uji. Nikamkuta kwenye kitanda cha kamba anachonga gongo lake. Nikamwambia, kwa majivuno, kwamba Baba akirudi na chuma atamtengenezea mguu.

Akaacha kuchonga. "Nani kakwambia baba yako atarudi?" akauliza. "Baba yako yuko Mtawanya pale, anatengeneza majembe. Mjomba wako kamdai talaka mbele ya wazee, naye kaitoa. Hujui?"

Nikamwambia ni mwongo.

"Mimi nimeona ubao ukija, mdogo wangu," akasema. Hakukasirika. "Ulikuja mzima mzima, na kulabu ziko hapohapo, zimeng'ang'ania. Kulabu haikufunguka hata moja. Ukipenda leo uitundikie shati."

"Kwa nini hukusema?"

Akanionyesha bakuli la uji. "Ninakula kwa nani?"

Nilitoka pale, na nawaambia kweli, tangu saa ile nilikuwa na kitu kifuani kama kaa la moto. Sikulia. Nilimchukia Mjomba kwa namna ambayo mtu mzima hawezi kumchukia mtu, kwa sababu mtu mzima ana kazi nyingine. Mimi sikuwa na kazi nyingine. Nilichukia alivyotafuna, alivyosafisha koo kabla ya sala, na ndala zake mlangoni. Nilikwenda porini nikachuma upupu kwa jani la mgomba, nikaupaka kwenye kiti cha lori lake, akapanda akiwa na kanzu yake nyeupe kwenda Ijumaa. Alifika msikitini anacheza ngoma ambayo hakuna aliyeipiga. Watu walicheka mpaka magharibi, na leo hii nikikumbuka nacheka. Sitaki kusingizia majuto ambayo sina.

Lakini upupu unaoshwa ukaisha. Mimi nilitaka kisichooshwa. Nilitaka Baba aketi barazani kwetu kama zamani, na nilitaka Mjomba alimeze lile neno lake mbele ya watu walewale. Sikujua njia. Njia wakanipa wao wenyewe, walipotutia unyagoni.

Ya unyagoni hubaki unyagoni, msitegemee nitayamwaga hapa. Nitasema ya siku ya kutoka tu, maana hiyo kila mtu huiona. Sisi wali, wasichana tuliofundwa, tuliketi mkekani katikati ya uwanja, kanga kichwani, nyuso zimeinama mpaka kidevu kinagusa kifua. Kwetu mwali hainui uso mpaka mjomba wake amtuze. Mjomba akishaweka nguo begani na kusema, "Inua uso, mwanangu," mwali huinua, vigelegele hupigwa, ngoma huanza, na vyakula hupakuliwa. Kabla ya hapo hakuna wa kuonja hata ukoko. Mimi nilikuwa nimewekwa wa mbele, na wa mbele ndiye huwafungulia njia wenzake wote.

Mjomba akaja anatamba, viatu vyake vinanukia rangi. Akaniwekea doti ya kanga. "Inua uso, mwanangu."

Sikuinua.

Watu wakacheka. Akina mama wakapaza sauti, "Ongeza, bwana! Mwali wako hajashiba!" Naye akacheka, akaongeza doti nyingine. Sikuinua. Akaongeza kitambaa cha hariri cha kujifunga kichwani. Niliona ngozi ya kiatu chake inatuna, vidole vinakunjwa ndani. Kicheko cha watu kikaanza kupungua, kikageuka minong'ono. Mwali aliyekuwa ubavuni pangu akaninong'oneza, "We, inua bwana, shingo inanikatika!" Nikamwambia anyamaze.

Bibi akaja akapiga magoti mbele yangu, mdomo wake sikioni mwangu. "Unataka nini, mjukuu wangu? Unatuaibisha."

"Namtaka Baba," nikasema. "Na Mjomba aseme ubao ulikuwa umeliwa."

 Bibi alikuwepo siku ile, aliyasikia yote, alikuwa na ungo wake mkononi. Nilisikia pumzi yake inaingia na kutoka. Kisha akainuka, akajishika mgongo, akasema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "Mwali hataki nguo. Anasema mjomba wake aseme ubao wa tela ulikuwaje. Na aletewe baba yake."

 Nilisikia masufuria yanachemka.

"Mtoto huyu kalogwa!" Mjomba akapiga kelele. "Mrudisheni ndani!"

Kungwi wetu, mama mmoja mfupi aliyekuwa hamwogopi binadamu, akamsimamia. "Mwali harudishwi ameinama. Ukimrudisha hivyo umefunga uzazi wa nyumba yako, na wa nyumba za wenzako hawa. Ninyi ndio mlionipa mtoto. Nimemfunda, nimemleta. Mwinue."

Wajomba wengine wakaanza kumlalamikia kwamba nao wali wao wanangoja, jua linapanda. Mjomba akasema kitu chini ya pumzi.

"Hatujasikia!" akina mama wakaitikia kwa pamoja. Nyie, wanawake wa Mikindani wakikupata!

Nikasikia gongo likigonga ardhi mara mbili. Ni Chilumba. "Hata mimi sijasikia, tajiri," akasema.

"Ubao ulikuwa umeliwa!" Mjomba akabweka. "Aliniambia, nikakataa! Haya, mmefurahi?"

Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvisikia tena. Nilikuwa ninatabasamu nikiwa nimeuficha uso, meno yote nje. Lakini sikuinua. Dereva wa lori lile alikuwa mmoja tu, na ni yeye, ikabidi apande mwenyewe na kanzu yake ya sherehe, aende Mtawanya kumleta aliyemfukuza. Tulimngoja. Wenzangu walinitukana matusi ambayo tulifundishwa wiki ileile. Pilau ikapoa.

Lori liliporudi nilisikia mlango unafungwa, halafu nikaona miguu. Ile miguu ningeitambua kaburini, ndala za tairi na madoa meusi ya cheche juu ya vidole. "Inua uso, mama," akasema, nami nikainua.

Alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa shati, amelifunga vifungo vyote. Ngoma ikaanza, lakini Mjomba akainyamazisha kwa mkono, akataka kumaliza mambo yake kama mkubwa. "Haya, shemeji," akasema, "nimesema mbele ya watu. Yameisha. Mwanamke tutakurudishia, taratibu zipo. Lete sanduku lako."

"Usiniite shemeji," Baba akasema. "Undugu huo uliukata mwenyewe."

Bibi alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka pale. Nikamwona Baba anamtazama, nikajua sasa atainamisha kichwa. Hakuinamisha. Alisema yote. Alisema chuma kishike chuma, alisema mchwa, alisema, "Nilikwambia nikiwa na nyundo mkononi, ukaniambia kazi imenishinda. Mwulize Chilumba mguu wake uko wapi. Hukwenda hata kumtazama hospitali, ulikuja kuniketisha mimi mkekani." Sauti yake ilikuwa kubwa, nene, ilifika barabarani. Mimi nilikuwa nimeishi naye tangu kuzaliwa kwangu na sikujua kwamba ana sauti ile. Mjomba alikuwa anaangalia viatu vyake vyenye rangi. Ee Mungu wangu, nilifurahi! Nilitaka asiache kusema.

Alipomaliza alimwomba Bibi radhi kwa kupaza sauti uani kwake, Bibi akamwambia hakuna ubaya. Akala pamoja na wageni wengine, upande wa wageni. Mama alimtuma mtu ampelekee maji ya kunawa, hakuyapeleka mwenyewe. Kisha nikamwona anaaga, anashikana mikono na wazee mmoja mmoja.

Mwali hakimbii. Mimi nilikimbia, na doti zangu zikianguka njiani, nikamshika shati. "Sanduku liko wapi?"

"Mtawanya, mama."

"Mjomba kasema urudi. Amesema mwenyewe, watu wote wamesikia."

Alitazama kule jikoni, Mama alikokuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga.  Halafu akachutama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Leo umenisikia nilivyosema?" akaniuliza.

"Nimekusikia."

"Nikirudi hapa, mama, hutanisikia tena."

Akaondoka kwa miguu. Mjomba alimpigia honi ili ampandishe, akampigia tena, na Baba hakugeuka.